Mchele na Mchere

Wasikilizaji, jioni ya leo nina kisa cha nusu kilo ya chumvi.

Jirani yangu, mama wa watoto watano, alibandika maji jikoni, akamwita mwanawe wa miaka minane: "Baba, kimbia dukani uniletee mchele nusu kilo." Mtoto akashika pesa, akatoka mbio huku akiliimba neno lake asije akalisahau. Sasa, mtoto huyo amezaliwa hapahapa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, Malawi. Mpira anacheza na watoto wa vijiji vya jirani, akikasirika anatukana kwa Kichewa, na nadhani hata ndotoni anaota kwa Kichewa. Kufika dukani neno lilikuwa limeshageuka mdomoni. Akasema "mchere". Mwenye duka ni Mmalawi wa ng'ambo ya barabara. Kwake mchere ni chumvi, na wali wetu unatokana na kitu wanachokiita mpunga, hata kikishakobolewa. Akapima chumvi nusu kilo, akafunga, akatoa chenji. Mtoto hakukosea, mwenye duka hakukosea, na yale maji yalichemka mpaka yakakauka.

Usiku mama akanijia na kile kifurushi mkononi. "Mwalimu, hebu niambie, huko shuleni mnawafundisha nini?" Nilicheka, naye akacheka kwa shingo upande. Alipoondoka swali lake lilibaki, likaninyima usingizi.

Kwa wasionijua, mimi nafundisha darasa la pili katika shule moja ya hapa kambini. Nimetokea Uvira, Kongo, nimefika hapa mtu mzima, na darasani kwangu wamo watoto zaidi ya mia moja. Kwa Malawi hilo si ajabu. Mwaka 1994, mwaka uleule kambi hii ilipofunguliwa, serikali mpya ya Bakili Muluzi ilifuta karo ya shule za msingi, na wanafunzi nchi nzima wakaruka kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Madawati hayakuruka nao. Na sisi wa Dzaleka tuna msongamano wetu juu ya ule wa nchi: kambi ilipangiwa watu kama elfu kumi hivi, leo tumepita 50,000. Kwa hiyo mtu akija kuniambia habari za kufanya kusoma na kuandika kuwe raha, namsikiliza, lakini kwanza namtazama kama amewahi kusimama mbele ya watoto mia na chaki moja.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa wimbo. Ba be bi bo bu, cha che chi cho chu, fimbo ya mwalimu ikipiga ubao. Sina ugomvi na wimbo, mpaka leo nauimbisha. Ila kuna siku nilimwita kijana mmoja asome mbele ya wenzake. Akafungua kitabu, akasoma ukurasa mzima kwa sauti nzuri, nukta na mkato mahali pake, darasa likampigia makofi. Nikamkaribia nimpongeze, nikaona amefungua ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa ameukariri ule wa jana. Usimcheke. Yule mtoto alikuwa ametuelewa sisi walimu kuliko tulivyomwelewa yeye: alijua tunachotaka ni sauti, akatupa sauti.

Asubuhi ya pili baada ya kile kisa cha chumvi, niliandika ubaoni maneno mawili tu, moja juu ya jingine: mchele, mchere. Sikueleza kitu. Nilimwita yule mtoto wa jirani, maana naye yumo darasani kwangu, asimulie yaliyomkuta, naye, bila haya hata kidogo, akasimulia mpaka akaigiza sura ya mama yake alipofungua kifurushi. Darasa likavunjika mbavu. Halafu nikawauliza: kosa liko wapi? Watoto mia wakainuka madawatini, na wasio na dawati wakainuka sakafuni, wakitafuta kosa kwa macho. Ni herufi moja, l kwa r, na herufi hiyo imekula chakula cha usiku cha watu saba. Sijawahi kuona darasa linatazama herufi namna ile.

Tangu siku hiyo nikaanza kazi ya karatasi za kutumwa. Kila Ijumaa mtoto anakwenda nyumbani, anamuuliza mama au bibi kesho kinahitajika nini dukani, anaandika yeye mwenyewe, kisha anakwenda dukani na karatasi bila kufungua mdomo. Karatasi zenyewe ni vipande vya maboksi ya sabuni na biskuti. Sheria ni moja tu, usiseme neno. Mwenye duka akileta kilichoandikwa, umeshinda. Akileta kingine, rudi Jumatatu utuambie kilichotokea. Wenye maduka walinung'unika wiki ya kwanza. Wiki ya tatu mmoja akanitumia ujumbe: mwambie yule binti mwenye mapengo kwamba "sukali" nimeielewa, lakini "sabuni ya kuogea mbuzi" sijaielewa. Tulipouliza ikawa kweli bibi yake alitaka kumwogesha mbuzi. Mtoto aliandika sawasawa, mwenye duka ndiye hakuamini alichosoma!

Hapo ndipo penye shabaha yangu yote ya jioni ya leo, wasikilizaji, nami naisema mapema nisije nikamaliza muda. Mtoto hafurahishwi na herufi kwa sababu zimechorewa tembo na puto. Anafurahi anapoona kuna mtu upande wa pili anayekihitaji alichoandika, na kwamba akikosea kuna jambo litatokea. Raha ya kuandika ni kupata msomaji mwenye shida.

Mnajua kwamba mwaka 2023 serikali iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi Lilongwe na miji mingine warudi kambini. Biashara zikafungwa, watu wakaletwa na vyombo vyao, na watoto wakakatiziwa masomo katikati ya muhula. Nilipokea kadhaa. Mmoja alikuwa binti wa miaka tisa hivi, amekulia Lilongwe tangu mchanga, Kiswahili chake cha kuombea maji tu. Aliketi nyuma, karibu na mlango, kama mtu anayengoja basi. Wiki mbili hakusema lolote. Nikimwita anasimama, anatazama chini, anakaa.

Siku moja nikaandika ubaoni neno "umoja". Nilitaka kuanza somo la herufi j. Yule binti akanyoosha mkono, mara ya kwanza. "Aphunzitsi," akaniambia, maana hivyo ndivyo walimu wanavyoitwa kwa heshima kule alikotoka, "kwetu ni umodzi." Nikampa chaki. Akaandika: umodzi. Nikauliza, je, maji? Akaandika: madzi. Jina? Dzina. Darasa likaanza kunong'ona. Kijana mmoja wa Kirundi akaruka: "Mwalimu, dz yao ni j yetu!"

Basi hiyo ndiyo sheria, na wameigundua watoto wa darasa la pili kwa chaki moja. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameandika vitabu vinene juu ya jambo hilo, namna sauti moja ya kale inavyogawanyika na kuwa dz huku na j kule. Watoto wangu hawakuhitaji kitabu, walihitaji mwenzao mwenye ufunguo. Na yule binti aliyekuwa akingoja basi mlangoni akahamia mbele, kwa sababu wenzake walikuwa wakimvuta kila mmoja kwake: hili je? Na hili?

Tucheze kidogo. Mtoto uliye karibu na redio, chukua kalamu, na kama huna, chukua kipande cha mkaa, mama yako atanisamehe kwa ukuta. Mimi nasema neno la Kichewa, wewe andika la Kiswahili. La kwanza: dzuwa. Linawaka mchana. La pili: dzino. Liko mdomoni, na wengine wenu limeng'oka. La tatu: kudza, na hili ni kitendo, ndicho unachofanya mama akikuita. Umeandika? Jua, jino, kuja. Sasa jihadhari, sheria ina mitego. Kijana wangu mmoja aliniletea dzira, akaandika "jira". Si jira, dzira ni yai. Alisikitika kama aliyedondosha yai lenyewe.

Na ukishapata ufunguo wa dz, utaupeleka wapi kama si kwenye jina la hapa tunapoishi? Watoto waliufikisha wenyewe. Kuleka kwa Kichewa ni kuacha. Warundi na Wanyarwanda wakapiga kelele: reka! Ndilo neno wanaloambiwa kila siku wakimchokoza mtu. Na ile dza ya mbele, kwa Kichewa, inaonyesha jambo litakalokuja. Wenyeji husimulia kwamba mahali hapa, zama za Rais Kamuzu Banda, palikuwa gereza, na jina lenyewe ni kauli ya mtu anayeahidi kwamba hatarudia tena. Niliwaeleza hayo kwa kifupi, nikiogopa kuwatia simanzi. Msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sisi tumeacha nini?" Sikuwa na jibu. Nikawaambia waandike kila mmoja jambo moja aliloliacha. Mmoja aliandika kunyonya kidole. Mwingine aliandika Bukavu. Kwa tahajia nilimpa alama zote.

Wazazi wenzangu mna malalamiko yenu, nami nayajua. Baba mmoja alinikabili kanisani: "Mwalimu, unawachezesha watoto Kiswahili na Kichewa, lini watajua Kiingereza? Mtihani wa darasa la nane hautamuuliza dzino." Ni kweli. Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 imeweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na bila mtihani huo wa darasa la nane hakuna sekondari. Sibishani na mtihani. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyekwisha kuonja herufi zinazofungua kitu, Kiingereza anakikabili kama kufuli jingine.

Chukua p na h zikikaa pamoja. Kwa Kichewa kuna phala, uji, na kuna kupala, kukwangua. Mchewa hayachanganyi maneno hayo kamwe, mgeni hasikii tofauti. Nilikata ukanda mwembamba wa karatasi, nikamwambia mtoto ausimamishe mbele ya midomo. Sema phala: karatasi inapepea. Sema pala: karatasi imetulia. Watoto mia wakipepeza karatasi wakidai uji, mnaweza kukisia kelele zake, na mwalimu wa chumba cha pili alikuja kuuliza kama kuna moto. Kisha nikaandika neno la Kiingereza lenye ph, lile la simu. Wakajaribu kwa karatasi. Karatasi ikapepea kwa namna nyingine, pumzi inatokea menoni. "Hiyo ni f!" Sikuwafundisha mimi, karatasi iliwafundisha. Na kwa faida ya wazee wa pwani wanaosikiliza, nanyi mnayo pumzi hiyo: paa wa porini na paa la nyumba hamyatamki sawa, ila tahajia yetu imeamua kunyamaza.

Wapo pia wa tableti. Mwaka 2019 zawadi ya dola milioni 10 ya Global Learning XPRIZE iligawanywa kati ya onebillion na Kitkit School, baada ya programu zao kujaribiwa kwa Kiswahili na watoto wa vijiji 170 mkoani Tanga. Onebillion hao walikuwa wamekwisha kufanya kazi ya namna hiyo hapa Malawi kwa Kichewa. Ni vyombo vizuri. Havichoki, wala havimpigi mtoto. Siku nikiletewa nitavipokea kwa mikono miwili. Lakini tableti haina njaa. Mama aliyebandika maji anayo.

Nikipata kibali cha kwenda Lilongwe, nacho si cha kila wiki, nabeba daftari dogo. Ni kilomita 45 hivi, na tangu basi linapoingia mjini naandika kila ninachokisoma ukutani. Watoto hawaniulizi nimeleta peremende, wananiuliza nimeleta maandishi gani. Wanapenda "mandasi", kwa sababu wanayala na wanaona mji mkuu mzima umeyapunguza a moja na kuibadili z kuwa s. "Mpamba" waliona ni pamba ya kutoa masikioni, mpaka wale waliotoka mjini wakacheka wakasema ni ya kutuma pesa kwa simu. Na kweli mpamba ni mtaji. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba mitaa ya Lilongwe imepewa namba, na namba zenyewe hazifuati ujirani, Area 18 imekaa ubavuni mwa Area 49. "Aliyehesabu alikuwa darasa la ngapi?" akauliza mmoja.

Samaki wadogo nao walitupa somo la siku mbili. Kigoma dagaa, kwetu Uvira na Bujumbura ndagala, hapa Malawi usipa. Ni jamaa mbalimbali wa maziwa mbalimbali, lakini sufuria haijui. Kila mtoto aliliandika lile la nyumbani kwao, na tulipomaliza ubao ulinuka.

Tena kuna jambo la majina. Mnamjua Menes La Plume, mshairi Mkongo aliyeanzisha hapa kambini Tamasha la Tumaini mwaka 2014. Nilipowaambia kwamba plume kwa Kifaransa ni unyoya, na ni kalamu vilevile, kila mmoja akataka jina la kalamu. Karatasi za dukani sasa zinakuja na sahihi kubwa kuliko orodha yenyewe. Mwenye duka analalamika kwamba hajui kama "Fisi wa Dowa" ni mteja au ni kitu cha kupima kwenye mizani. Angalau fisi ni fisi kwa Kichewa na kwa Kiswahili.

Namaliza na barua, maana bado iko mezani.

Yule binti wa Lilongwe aliniomba amwandikie mwalimu wake wa zamani. Aliandika mistari kumi kwa Kichewa, wenzake wakamwongezea miwili ya Kiswahili mwishoni, kwamba yuko salama na anatufundisha dz. Posta ya kwetu ni mtu anayesafiri. Ikaenda na mama mmoja aliyepata ruhusa ya hospitali. Wiki tatu kimya. Kisha bahasha ikarudi, na ndani yake ni barua yetu ileile. Mwalimu yule alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu, kila nukta, akampa binti 7 kwa 10. Darasa zima lilikasirika. Binti alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Ndivyo alivyo."

Chini kabisa, mwalimu yule alikuwa ameandika maneno mawili ya lugha yetu, kwa heshima: "Kalibu Lilongwe."

Kalamu yangu nyekundu ikaporwa mkononi. "R! Ni r!" Watoto waliosikia jinsi wali ulivyokosekana kwa sababu ya herufi hiyohiyo hawakuwa na huruma. Lakini binti akasimama kumtetea. Akaeleza kwamba Kichewa kina desturi: baada ya i na e unaandika r, ndiyo maana mchere, baada ya herufi nyingine unaandika l. Katika neno lile kinachotangulia ni a, kwa hiyo mwalimu wake amefuata sheria ya kwao. Darasa likanyamaza, likaona ni haki. Wakaamua wamkate alama moja tu, ya ugeni.

Ndipo yule kijana wa chumvi akainua mkono kutoka nyuma. "Kama baada ya i ni r," akasema, "mbona ameandika Lilongwe?"

Tumempa 8 kwa 10. Barua imefungwa, ina sahihi mia na ushei, inangoja mtu mwenye kibali cha kwenda mjini.